Kuhamisha takwimu za vipimo kwenda faili za XML

Kuhamisha takwimu za vipimo kwenda faili za XML ni kazi ya kuchukua matokeo yaliyokusanywa na programu ya kupimia, pamoja na takwimu zilizokokotolewa kutokana nayo (wastani, mkengeuko sanifu, thamani ndogo na kubwa kabisa), na kuyaandika katika faili ya maandishi inayofuata kanuni za XML, ili programu nyingine iyasome bila mtu kuyanakili kwa mkono. Kazi hii hufanyika katika viwanda vinavyochonga vipuri, katika maabara za kemia na za ugezi, katika ofisi za takwimu, na kwa wataalamu wanaopima mwendo wa tovuti na mitandao.

Namba peke yake si kipimo. Kipimo ni namba pamoja na kizio chake, wakati kilipochukuliwa na kifaa kilichotumika. Ikiwa ni takwimu, ni lazima ijulikane pia imetokana na vipimo vingapi na kwa njia gani. Kwenye skrini ya programu ya kupimia mambo hayo yote huonekana pamoja. Ni wakati wa kuhamisha ndipo yanapodondoka njiani. XML ina nafasi ya kuyabeba yote, lakini haimlazimishi mtu kuyaandika.

Muundo wa faili

XML ni lugha ya kuwekea maandishi alama. Ilipitishwa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998, ikiwa namna iliyorahisishwa ya SGML, ambayo ilikuwa kiwango cha kimataifa (ISO 8879) tangu mwaka 1986. Tofauti na HTML, haina orodha ya lebo zilizokwisha kuamuliwa. Kila anayeitumia hujitungia lebo zake, na lebo za Kiswahili zinakubalika kabisa. Mfano ufuatao unaonyesha vipimo vya kipenyo cha shafti tano zilizochongwa kwenye karakana:

<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<ripoti>
  <kifaa aina="maikromita" namba="M-04"/>
  <kipimo jina="kipenyo cha shafti" kizio="mm">
    <thamani wakati="2024-03-05T08:15:00+03:00">24.98</thamani>
    <thamani wakati="2024-03-05T08:17:00+03:00">25.01</thamani>
    <thamani wakati="2024-03-05T08:19:00+03:00">25.00</thamani>
    <thamani wakati="2024-03-05T08:22:00+03:00">25.03</thamani>
    <thamani wakati="2024-03-05T08:24:00+03:00">24.98</thamani>
    <takwimu idadi="5">
      <wastani>25.00</wastani>
      <mkengeuko kigawanyo="n-1">0.0212</mkengeuko>
    </takwimu>
  </kipimo>
</ripoti>

Kila kitu kilichofunguliwa kwa lebo na kufungwa kwa lebo huitwa elementi. Maneno yaliyomo ndani ya lebo ya kufungulia, kama kizio="mm", huitwa sifa. Faili ambayo lebo zake zote zimefungwa kwa mpangilio unaotakiwa ina umbo sahihi. Umbo sahihi hata hivyo si lazima liwe na maana sahihi: mfano huu ungebaki na umbo sahihi hata kama mahali pa 25.01 pangeandikwa "embe". Ili kuzuia jambo hilo hutumiwa skima, yaani faili ya pili inayoeleza ni elementi zipi zinatakiwa, zipi ni za lazima, na kila moja ibebe aina gani ya thamani. Lugha ya skima ya W3C ilipitishwa mwaka 2001. Skima ikisema kwamba sifa ya kizio ni ya lazima, faili isiyo na kizio hukataliwa mlangoni. Kwa vipimo, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kwa nini si jedwali la kawaida

Programu nyingi za kupimia huweza pia kutoa CSV, yaani mistari ya namba zilizotenganishwa kwa mkato. Faili za CSV ni ndogo na hufunguka kwenye lahajedwali yoyote. Udhaifu wake ni kwamba hazisemi lolote kuhusu kilichomo. Kizio, kikiwepo, kimo katika kichwa cha safu, na kila programu inayofungua faili hubahatisha yenyewe kama kitu fulani ni namba, tarehe au jina. Wanabiolojia waliteseka kwa miaka mingi kwa sababu lahajedwali iligeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe za Septemba na Machi. Mwishowe, mwaka 2020, kamati inayoshughulikia majina ya jeni ilitangaza kanuni mpya na majina hayo yalikuwa yamebadilishwa kuwa SEPTIN1 na MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kubadili majina ya sayansi kuliko kubadili tabia ya lahajedwali.

Mwaka huohuo nchini Uingereza visa 15,841 vya UVIKO-19, vilivyogunduliwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, vilikosekana katika hesabu ya kila siku. Matokeo yalitoka maabara katika faili za CSV, kisha yakaingizwa katika lahajedwali za aina ya zamani ya XLS ambayo haipokei zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa kimyakimya. Waliopimwa walipewa majibu yao, lakini majina yao yalichelewa kufika kwa wale waliokuwa wakiwatafuta watu waliokutana nao.

XML haina kikomo cha mistari, na faili iliyokatwa katikati hujulikana mara moja kwa kuwa lebo ya mwisho haipo. Gharama yake ni ukubwa. Kurudia lebo kwa kila namba huweza kuifanya faili iwe kubwa mara kadhaa kuliko CSV ya data zilezile, ingawa ikibanwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutoweka. Kwa mamilioni ya namba njia hii hulemea. Ndiyo maana mzML, muundo wa XML unaotumiwa kwa mashine za kupima tungamo la molekuli, huacha maelezo katika lebo zinazosomeka lakini hufunga namba zenyewe katika furushi la herufi ambalo jicho la mtu haliwezi kulisoma.

Takwimu isiyosema ilivyopatikana

Kosa la kizio hugunduliwa na mtu mwangalifu. Kosa linalojificha zaidi ni la takwimu yenye jina moja na njia mbili.

Mkengeuko sanifu hueleza jinsi vipimo vilivyotawanyika kuuzunguka wastani. Hupatikana kwa kutafuta tofauti ya kila kipimo na wastani, kuzipiga kipeo cha pili, kuzijumlisha, kugawanya, kisha kutafuta kipeo cha pili cha jawabu kwa kurudi nyuma, yaani mzizi wake. Swali ni kugawanya kwa ngapi. Ikiwa vipimo ndivyo vitu vyote vilivyopo, hugawanywa kwa idadi yao, n. Ikiwa ni sampuli tu ya vitu vingi zaidi, hugawanywa kwa n-1. Katika mfano wa shafti jumla ya vipeo ni 0.0018. Ikigawanywa kwa 4 mkengeuko ni 0.0212. Ikigawanywa kwa 5 ni 0.0190. Viwanda vinavyotumia chati za udhibiti huwa na njia ya tatu: huchukua tofauti ya kipimo kikubwa na kidogo kabisa, hapa 0.05, na kuigawanya kwa 2.326, namba iliyowekwa kwa makundi ya vipimo vitano. Jibu ni 0.0215.

Programu zenyewe hazikubaliani. Katika R amri ya sd hugawanya kwa n-1, ilhali katika maktaba ya NumPy ya lugha ya Python amri ya std hugawanya kwa n mpaka iambiwe vinginevyo. Mtu anayehamisha matokeo kutoka programu moja hadi nyingine na kukokotoa upya kule alikoyapeleka anaweza kudhani data zimeharibika njiani, kumbe ni kigawanyo tu.

Tuseme mnunuzi wa shafti hizo ameruhusu kipenyo cha milimita 25.00 na kosa la 0.10 kila upande. Katika viwanda vya magari mnunuzi huomba kipimo cha uwezo kiitwacho Cpk: umbali kutoka wastani hadi mpaka ulio karibu, ugawanywe kwa mara tatu ya mkengeuko. Kiwango kinachodaiwa mara nyingi ni 1.33, na kwa vipuri nyeti 1.67. Kwa mkengeuko wa 0.0212, Cpk ni 1.57 na mzigo unakataliwa. Kwa 0.0190 ni 1.76 na mzigo unapokelewa. Shafti ni zilezile, maikromita ni ileile. Ni kweli kwamba hakuna fundi makini anayeamua jambo hilo kwa shafti tano, na vipimo vikifika 100 tofauti ya njia hizo mbili hushuka hadi nusu ya asilimia moja. Lakini makundi madogo ndiyo ya kila siku karakanani. Faili iliyoandika "mkengeuko 0.02" bila idadi wala kigawanyo haiwezi kumsaidia yeyote kujua nani yuko sahihi.

Hali ni hiyohiyo kwa thamani za mgawanyo wa asilimia, kama ile ambayo asilimia 90 ya vipimo viko chini yake: R peke yake ina njia tisa za kuikokotoa. Kwa sababu hiyo ni busara kuhamisha vipimo vyenyewe pamoja na takwimu zake, si takwimu peke yake. Mtakwimu Francis Anscombe alionyesha mwaka 1973 makundi manne ya data, kila moja lenye nukta 11, yenye wastani na mtawanyiko karibu sawa kabisa, lakini yakichorwa kwenye grafu hayafanani hata kidogo.

Vizio

Kila mwanafunzi aliyesoma fizikia anaikumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu iliyoandika "kizio?" pembeni mwa jawabu lililokuwa sahihi. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter cha Marekani kilipotea kwa kosa la aina hiyohiyo. Kilirushwa tarehe 11 Desemba 1998. Programu moja iliandika katika faili msukumo wa injini ndogo za chombo kwa vizio vya Kiingereza (pauni za nguvu mara sekunde), na programu iliyoipokea ikasoma namba hizo kama nyutoni mara sekunde. Pauni moja ya nguvu ni takriban nyutoni 4.45. Makosa madogo yalijumlika kwa miezi, na tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilichotarajiwa kupita kilomita 226 juu ya Mirihi kilishuka hadi takriban kilomita 57 na kupotea. Faili hiyo haikuwa ya XML, na XML isingetosha kuokoa chombo kama kizio kisingeandikwa.

Hata faili za XML za leo huacha vizio nje. Apache JMeter, programu inayopima jinsi seva inavyostahimili watumiaji wengi, huweza kuhifadhi matokeo katika XML yenye sifa za herufi moja au mbili: t ni muda uliotumika, lt ni muda wa kusubiri jibu lianze kufika, ts ni wakati wa kuanza, s ni kufaulu au kushindwa. Faili hubaki ndogo, na kwa majaribio yenye maombi mamilioni hilo lina maana. Lakini hakuna mahali panaposema kwamba t ni milisekunde, wala kwamba ts ni milisekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970. Ujuzi huo umo katika mwongozo, si katika faili.

Nukta, mkato na saa

Tanzania na Kenya huandika 24.98, na mkato hutenganisha maelfu. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizorithi desturi ya Kifaransa, huandika 24,98, kama wafanyavyo pia Wajerumani. Skima ya XML inatambua nukta tu, bila kitenganishi chochote cha maelfu. Kosa linalotokea mara kwa mara ni la programu kufuata mpangilio wa nchi uliowekwa kwenye kompyuta: hufanya kazi vizuri Arusha, na ikipelekwa Bujumbura inaanza kuandika mikato ndani ya XML. Penye skima, faili hukataliwa. Pasipo skima, 1,250 huweza kusomwa kama elfu moja na mia mbili hamsini, au kama moja na robo.

Tarehe kama 05/03/2024 ni ya Machi kwetu na ya Mei kwa Mmarekani. Katika XML huandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, siku, herufi T, saa, na mwisho tofauti na saa ya dunia: 2024-03-05T08:15:00+03:00. Kipande hicho cha mwisho huachwa mara nyingi, ingawa Kampala ni +03:00 na Bukavu ni +02:00, hivyo vipimo vilivyochukuliwa kwa wakati mmoja katika miji hiyo vitaonekana kupishana kwa saa nzima. Mpimaji anayejaza muda kwa mkono kwa saa za Kiswahili naye huongeza kazi, kwani saa mbili na robo asubuhi ni 08:15, si 02:15.

Vipimo vilivyokosekana na alama zenye mwiko

Kipimo ambacho hakikuchukuliwa si sifuri. Kama shafti ya tano isingepimwa na programu ikaandika 0, wastani wa shafti zetu ungeshuka hadi milimita 20.004. Baadhi ya programu za zamani huandika -999, jambo ambalo ni la hatari zaidi kwa sababu linamtegemea msomaji akumbuke. Skima ya W3C ina njia yake: elementi huachwa tupu na kupewa sifa ya xsi:nil="true". Aina ya namba iitwayo double hukubali pia NaN, yaani "si namba", lakini aina ya decimal haikubali.

Maabara za maji na chakula zina tatizo lao. Kiasi cha risasi kikiwa kidogo kuliko uwezo wa mashine kukiona, jibu huandikwa <0.01. Katika XML alama hiyo ndiyo inayofungua lebo, hivyo ni lazima iandikwe &lt; na alama ya "na" katika jina la mteja iandikwe &amp;. Programu inayounganisha vipande vya maandishi tu bila kutumia maktaba ya XML husahau jambo hili, na siku ya kwanza maji yatakapokuwa safi faili itakuwa na umbo baya. Msomaji wa XML analazimishwa na kanuni kusimama hapohapo bila kubahatisha. Wengi hulalamikia ukali huo. Kwa vipimo ni afadhali faili ikatae kufunguka kuliko ifunguke na namba isiyo yake. Hata hivyo, <0.01 haifai kuwekwa mahali pa namba. Ni bora kikomo kiandikwe kama namba, na sifa nyingine iseme kwamba thamani iko chini yake.

Alama za µ, ° na Ω zinahitaji faili ihifadhiwe katika usimbaji uleule uliotangazwa kwenye mstari wa kwanza. Nyuzi 25°C zikionekana kama 25Â°C, faili ya UTF-8 imesomwa kwa usimbaji wa zamani.

Namna ya kuhamisha

Njia ya kawaida ni amri ya menyu, ambapo mtumiaji huchagua vipimo, kipindi na mahali pa kuhifadhi. Inafaa kuangalia kama programu inahamisha thamani kamili iliyomo kwenye hifadhidata au ile iliyokadiriwa kwa ajili ya skrini, maana takwimu zikikokotolewa upya kutokana na thamani zilizokadiriwa hazitalingana na za awali. Penye kazi ya kila siku, programu huachwa itoe faili yenyewe kila kundi la vipimo linapokamilika. Hapo faili huandikwa kwanza kwa jina la muda na kubadilishwa jina ikishakamilika, ili programu inayongoja upande wa pili isiokote faili iliyo nusu. Pale ambapo mpokeaji anataka muundo mwingine, faili hupitishwa katika XSLT, lugha ya kugeuza XML moja kuwa nyingine iliyopitishwa na W3C mwaka 1999.

Miundo iliyokubaliwa

Kwa vipimo vya maumbo viwandani upo QIF, ambao ulikubaliwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 2013 na cha kimataifa (ISO 23952) mwaka 2020. Una sehemu zake za mpango wa upimaji, vifaa, matokeo na takwimu, na kila kitu hupewa namba ya utambulisho ili takwimu iweze kufuatiliwa hadi kwenye kipuri na kifaa kilichokipima.

Taasisi ya ugezi ya Ujerumani, PTB, imeongoza utengenezaji wa cheti cha ugezi cha kidijitali, DCC, ambacho ni faili ya XML badala ya karatasi yenye mhuri. Humo kila thamani huandamana na kizio chake na, inapohitajika, kiasi cha mashaka ya kipimo pamoja na kizidisho kilichotumika kukipata. Hakuna nafasi ya namba iliyo uchi.

Kwa takwimu za nchi kuna SDMX, iliyoanzishwa mwaka 2001 na taasisi saba za kimataifa zikiwemo Benki ya Dunia, IMF na Umoja wa Mataifa. Mojawapo ya sifa zake ni UNIT_MULT, ambayo ikiwa 6 humaanisha namba zote ni za mamilioni. Nyingine, OBS_STATUS, hueleza kama thamani ni ya kawaida, ya makadirio au imekosekana.

Mawazo ya SDMX yamo pia katika ADX, muundo wa XML wa kubadilishana takwimu za afya, ambao DHIS2 huweza kuutoa na kuupokea. DHIS2, iliyotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayotumika kukusanya takwimu za vituo vya afya nchini Tanzania, Uganda na Rwanda, na pia Kenya, ilikoenezwa nchi nzima mwaka 2011. Katika XML ya DHIS2 yenyewe mwezi wa Machi 2024 huandikwa 202403. Katika ADX mwezi huohuo huandikwa 2024-03-01/P1M, yaani kuanzia tarehe mosi Machi kwa muda wa mwezi mmoja.